Zaidi ya Chupa ya Dripu: Huduma kwa Mjamzito Anayetapika Kupita Kiasi

Katika zahanati na vituo vya afya kuna maneno mawili ambayo mwanamke mwenye mimba changa huyasikia kabla hajamaliza kueleza kilichomleta: ni kawaida. Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli. Kati ya wajawazito 10, 7 au 8 hupata kichefuchefu, wengine kati yao hutapika, na kwa walio wengi hali hiyo hupungua baada ya miezi mitatu au minne ya mwanzo bila kumdhuru mama wala mtoto. Lakini wapo wachache, kati ya 3 na 30 katika kila wajawazito 1,000 kwa makadirio yanayotumiwa zaidi, ambao kwao maneno hayo hugeuka kuwa kizuizi cha tiba. Hao hawatapiki asubuhi tu. Hutapika mchana na usiku, hutapika maji waliyotoka kuyanywa, na yakiisha hutapika nyongo. Hurudi nyumbani na lile neno la kawaida, na wakiletwa tena kituoni baada ya wiki moja huwa wameshikwa mikono pande zote mbili.

Ugonjwa huo, ambao kitabibu huitwa hiperemesisi gravidaramu, una vigezo vyake. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kuwa sharti uanze kabla ya wiki ya 16 ya ujauzito. Kichefuchefu na kutapika viwepo, na angalau kimojawapo kiwe kikali. Mama ashindwe kula au kunywa kama ilivyo desturi yake. Na shughuli zake za kila siku zikwame. Dalili za kupungukiwa maji mwilini huongeza uhakika. Kabla ya hapo, kigezo kilichotajwa zaidi vitabuni kilikuwa kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 5 ya uzito wa kabla ya mimba. Kipimo hicho bado kina manufaa, ila kwa Afrika Mashariki kina upungufu ulio wazi: wanawake wengi hawakupimwa uzito kabla ya kushika mimba, hivyo hakuna tarakimu ya kulinganisha. Anachoweza kueleza mama ni kwamba kanga anayojifunga sasa inamzunguka mara nyingine nusu.

Zipo dalili nyingine ambazo wanawake huzijua vizuri kuliko vitabu. Mate hujaa mdomoni kiasi kwamba mgonjwa hutembea na kopo au kitambaa cha kutemea. Harufu huwa adui: kitunguu kinachokaangwa kwa jirani, dagaa, moshi wa mkaa, sabuni, hata manukato ya mume. Kulala chali bila kusogeza kichwa huwa ndiyo nafuu pekee, na anayemwona kwa mbali humdhania mvivu.

Kumpima ukali wa hali yake hakuhitaji maabara. Watafiti wa Toronto, Canada, walitunga maswali matatu, yajulikanayo kwa kifupi kama PUQE, ambayo muuguzi anaweza kuyauliza kwa dakika mbili: katika saa 24 zilizopita kichefuchefu kimedumu saa ngapi, ametapika mara ngapi, na mara ngapi amejikamua bila kutoka kitu. Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5. Jumla ya 3 hadi 6 ni hali nyepesi, 7 hadi 12 ni ya wastani, 13 hadi 15 ni kali. Faida yake kubwa si hesabu yenyewe. Faida ni kwamba malalamiko ya mama huandikwa kwenye kadi kama tarakimu, na tarakimu hiyo ikiulizwa tena siku ya tatu huonesha kama tiba inafanya kazi. Kinyume chake, kipimo cha mkojo cha ketoni, ambacho hospitali nyingi duniani zimekitumia kuamua nani alazwe na nani arudishwe, kimeonekana kutokuwa na uhusiano wa kuaminika na ukali wa ugonjwa. Mwongozo wa mwaka 2024 wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Uingereza hauwashauri tena watabibu kukitumia kwa kazi hiyo. Mwanamke asiye na ketoni kwenye mkojo anaweza kuwa mgonjwa sana.

Lawama zilitangulia, sababu ikafuata

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani vilifundisha kwamba mwanamke anayetapika namna hii anaikataa mimba yake bila kujijua, au hampendi mumewe, au anatafuta kuonewa huruma. Wapo waliowekwa vyumba vya peke yao na ndugu wakazuiwa kuwatembelea, na huko kutengwa ndiko kulikoitwa tiba. Afrika Mashariki nayo ina tafsiri zake: mimba imemkataa mume, kuna kijicho, binti anadeka. Lugha ni tofauti, lawama ni ile ile, na matokeo yake ni mamoja, kwa kuwa anayelaumiwa huacha kusema.

Aliyesukuma utafiti mbali zaidi katika jambo hili ni mwanamke aliyeugua mwenyewe. Marlena Fejzo, mtaalamu wa vinasaba wa Chuo Kikuu cha Southern California, alipoteza mimba mwaka 1999 baada ya wiki kadhaa za kushindwa kula na kunywa. Mwaka 2018 yeye na wenzake walilinganisha vinasaba vya maelfu ya wanawake na kukuta kwamba tofauti zilizohusiana na ugonjwa huu zilikuwa karibu na jeni inayotengeneza homoni iitwayo GDF15. Desemba 2023, katika jarida la Nature, kundi hilo likishirikiana na Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge na watafiti wengine, wakiwemo wa Sri Lanka, lilieleza utaratibu wenyewe.

GDF15 hutengenezwa na seli za viungo vingi mwili unapokuwa katika shida. Hufika sehemu ya nyuma ya ubongo, penye kituo cha kutapika, na huko huamsha kichefuchefu na kuua hamu ya chakula. Wakati wa ujauzito kiasi chake katika damu ya mama hupanda sana, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutoka kwa kijusi na kondo la nyuma. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wanaoumia zaidi si wale waliozoea homoni hiyo. Ni wale ambao kabla ya mimba walikuwa na kiasi kidogo, miili yao ikawa haijaizoea, na ghafla ikafurika. Wanawake wenye thalasemia, ambao damu yao huwa na GDF15 nyingi maisha yao yote, ni wachache sana waliosema walipata kichefuchefu walipokuwa wajawazito. Kutokana na ugunduzi huo watafiti wameanza kuchunguza kama mwili unaweza kuzoeshwa homoni hiyo kabla ya mimba, kwa mfano kwa metformini, dawa ya kisukari inayojulikana kuipandisha. Huo bado ni uchunguzi. Hakuna mwanamke anayepaswa kwenda duka la dawa kununua metformini kwa sababu hiyo.

Kabla ya kazi hiyo ya maabara, kumbukumbu za uzazi za Norway zilikuwa zimeshatoa ishara. Mabinti ambao mama zao waliugua hivi walipowabeba walikuwa na uwezekano wa asilimia 3 wa kuugua wenyewe, dhidi ya asilimia 1.1 kwa wengine. Wake za watoto wa kiume wa mama hao hawakuonesha ongezeko hilo. Kwa maneno ya nyumbani, hali hii hufuata damu ya bibi, mama na binti, wala haimfuati mkwe. Swali moja kwa mama mzazi wa mgonjwa, ambaye mara nyingi ndiye aliyemsindikiza, linaweza kumpa tabibu taarifa ambayo kipimo chochote kilichopo kituoni hakitampa.

Wiki ambazo kliniki bado haijaanza

Ugonjwa huu huanza kati ya wiki ya 4 na ya 7 na hufikia kilele karibu na wiki ya 9. Nchini Tanzania, kama ilivyo kwa majirani zake, wanawake wengi huanza kliniki ya wajawazito baada ya mwezi wa tatu au wa nne. Maana yake ni kwamba maradhi hupita kileleni kabla mgonjwa hajapewa kadi. Mkunga wa kliniki, ambaye ndiye mwenye ujuzi, humpokea yakiwa yameshamtesa au yameshamwacha. Wanaokutana naye katika zile wiki mbaya ni muuzaji wa duka la dawa na tabibu wa zamu, ambao pengine hata hawajaambiwa kuwa ni mjamzito. Mipango mingi ya kuboresha huduma huelekezwa kliniki kwa sababu kliniki ndiko kuliko na rejesta. Kwa ugonjwa huu huko ni kuchelewa.

Kwa tabibu wa zamu, mwanamke kijana anayetapika na kulegea ni mgonjwa wa malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na tahadhari hiyo ni ya haki. Malaria kwa mjamzito huua. Kosa hutokea baada ya kipimo cha haraka kuonesha kwamba hana vimelea, pale tabibu anapohitimisha kuwa hana ugonjwa. Kutokuwa na malaria hakuthibitishi jambo lolote zaidi ya hilo. Kinachofuata kingekuwa kumuuliza alipata lini siku zake za mwisho, kupima mimba, kisha kuondoa uwezekano wa mambo mengine yanayofanana: maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya ini, kidole tumbo, kisukari kilichopanda, matatizo ya tezi ya shingo. Maumivu makali ya tumbo, homa, au kutapika kulikoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 16 si dalili za ugonjwa huu, na humtaka tabibu atafute sababu nyingine. Ultrasaundi ni muhimu kwa sababu mbili: mimba ya mapacha huzidisha kutapika, na mimba zabibu, ambayo si mtoto bali ni kondo lililokua kwa njia isiyo ya kawaida, huweza kujitokeza hivyo hivyo na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Maji gani, na kabla yake nini

Uingereza ina tarakimu inayoonesha nguvu ya maji ya mshipani. Katika miaka ya 1931 hadi 1940, kutapika kwa wajawazito kuliua wanawake 159 katika kila uzazi milioni moja. Katika miaka ya 1951 hadi 1960 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 3. Hakuna dawa ya kutapika iliyoleta badiliko kubwa kiasi hicho. Sehemu yake kubwa ilitokana na dripu.

Hata hivyo, dripu si kitu kimoja. Jamaa wa mgonjwa huomba atundikiwe maji ya sukari, kwa kuwa hajala siku nyingi na sukari inaaminika kurudisha nguvu. Watoa huduma nao mara nyingi huona hivyo, na chupa ya sukari huwa ndiyo iliyopo kabatini. Hapa ndipo huduma inayotolewa kwa nia njema inapoweza kumdhuru mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Ubongo hauwezi kuigeuza sukari kuwa nishati bila vitamini B1, yaani thiamini. Akiba ya thiamini mwilini ni ndogo na hutosha kwa wiki chache tu. Mwanamke ambaye chakula chake cha kila siku ni ugali wa sembe au wali mweupe huanza na akiba iliyo pungufu, maana kukoboa nafaka huondoa sehemu kubwa ya vitamini hiyo pamoja na pumba. Akitapika wiki tatu mfululizo, kilichobaki ni kidogo mno. Sukari nyingi ikiingizwa ghafla kwenye mshipa, mwili hutumia hata hicho kidogo kuichakata, na sehemu za ndani za ubongo huanza kufa kwa kukosa nishati. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Wernicke. Macho hucheza au huona vitu viwili viwili, mgonjwa huyumba kama mlevi akijaribu kusimama, kisha huchanganyikiwa. Dalili zote tatu si lazima zije pamoja. Asipopewa thiamini kwa sindano mara moja, anaweza kufa, au kupona mwili na kupoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya maisha yake yote: mama wa miaka 24 asiyekumbuka kama mtoto ameshanyonya. Na kwa kuwa kuchanganyikiwa huko hutokea kwa mwanamke ambaye tangu mwanzo alisemwa kuwa anadeka au ana mambo ya kishirikina, ndugu wanaweza kumtoa wodini wampeleke kwingine, saa zile zile ambazo sindano ingemwokoa.

Kinga yake ni nafuu. Kila mjamzito aliyetapika kwa muda mrefu apewe thiamini kabla ya maji yoyote yenye sukari. Akiweza kumeza na kubaki nayo, vidonge vinatosha. Asipoweza, ni sindano. Pale ambapo thiamini pekee haipo, sindano ya vitamini B mchanganyiko yenye B1 ya kutosha hutumika. Maji ya kuanzia ni ya chumvi ya asilimia 0.9, na potasiamu huongezwa kwa kufuata majibu ya damu, kwa kuwa kutapika hupoteza potasiamu nyingi na upungufu wake hulegeza misuli na kuvuruga mapigo ya moyo. Potasiamu huchanganywa kwenye chupa na kwenda polepole. Kuisukuma kwa sindano moja kwa moja mshipani husimamisha moyo. Sodiamu iliyoshuka nayo hairejeshwi kwa haraka, maana kasi hiyo huharibu ubongo kwa njia nyingine. Kituo kisichoweza kupima chumvi hizi kinaweza kuanza maji ya chumvi na thiamini, kisha kikampa rufaa mgonjwa asiyepata nafuu. Kinachotakiwa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya rufaa ni kama thiamini ilitolewa, na saa ngapi.

Mgonjwa aliyelala kitandani siku nyingi huku damu yake ikiwa nzito kwa ukosefu wa maji yuko pia katika hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kwenda kwenye mapafu. Akilazwa, dawa ya kuzuia kuganda kwa damu hufikiriwa kwa kila mmoja wao isipokuwa kuna sababu ya kuizuia.

Hofu ya dawa

Swali la kwanza la mama, na mara nyingi la daktari pia, ni kama dawa itamdhuru mtoto. Hofu hiyo ina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, thalidomidi iliuzwa Ulaya na kwingineko kama dawa ya usingizi na kichefuchefu, ikapewa wajawazito, na hadi ilipoondolewa sokoni katika nchi nyingi kuanzia Novemba 1961 maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyokatika au visivyokua. Tangu hapo dawa yoyote ya kichefuchefu cha mimba imekuwa mtuhumiwa.

Kisa kilichofuata husimuliwa mara chache zaidi, nacho kina uzito wake. Mchanganyiko wa doksilamini na vitamini B6, uliouzwa Marekani kwa jina la Bendectin na Uingereza kwa jina la Debendox, ulishtakiwa mahakamani mara nyingi kwa madai ya kulemaza watoto. Mwaka 1983 mtengenezaji aliuondoa sokoni kwa gharama za kesi, ingawa tafiti hazikuthibitisha madhara hayo. Kasoro za kuzaliwa hazikupungua baada ya hapo. Kilichoongezeka ni idadi ya wajawazito waliolazwa kwa kutapika. Canada haikuacha kuutumia, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuidhinisha upya. Kwa hiyo kumnyima mjamzito dawa nako kuna madhara, ila madhara hayo hayana wakili.

Miongozo ya sasa huanza na dawa zilizotumika kwa miaka mingi: mchanganyiko huo wa doksilamini na B6 pale unapopatikana, au dawa za jamii ya promethazini, siklizini na proklorperazini. Zisipotosha, huongezwa metoklopramidi au ondansetroni, na kwa walioshindwa kabisa, dawa za jamii ya prednisoloni chini ya uangalizi wa daktari bingwa. Dawa ya pili huongezwa juu ya ya kwanza badala ya kuibadilisha, kwa kuwa kila moja hufunga njia tofauti ya kutapika. Mgonjwa anayetapika vidonge apewe kwa sindano au kwa njia ya haja kubwa. Kumpa tena vidonge vile vile ni kupoteza dawa na muda.

Metoklopramidi inastahili tahadhari moja. Kwa wanawake vijana hasa, inaweza kusababisha shingo kupinda, macho kugeukia juu na taya kukaza. Si degedege wala si pepo. Ni athari ya dawa, huisha kwa kuiacha na kumpa mgonjwa dawa ya kuilegeza misuli, na hupungua ikiwa sindano itasukumwa taratibu kwa dakika tatu au zaidi. Haipaswi kupita siku 5. Kuhusu ondansetroni, uchunguzi mkubwa umeonesha ongezeko dogo la watoto wenye midomo au makaakaa yaliyopasuka inapotumika katika miezi mitatu ya kwanza, takriban watoto 3 zaidi katika kila 10,000. Mama anapaswa kuambiwa tarakimu hiyo kama ilivyo, pamoja na hatari ya kuendelea kutapika, kisha aamue.

Na tangawizi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma kwa wajawazito, limeitaja tangawizi na vitamini B6 miongoni mwa vinavyoweza kutuliza kichefuchefu cha kawaida. Kwa huyo wa kawaida, chai ya tangawizi ni ushauri mzuri. Kwa mwanamke ambaye hajaweza kubaki na kikombe cha maji tangu juzi, ushauri huo humwambia kwamba hakusikilizwa.

Kitanda cha mchana na safari ya kurudi

Kulazwa kuna gharama ambazo hazimo kwenye risiti: watoto walioachwa, ndugu wa kuleta chakula, biashara iliyofungwa. Katika jaribio lililofanyika Cork, Ireland, na kuchapishwa mwaka 2014, wanawake 98 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lililazwa kama ilivyo kawaida, lingine lilikuja asubuhi, likapewa maji na dawa kwa saa chache na kurudi nyumbani. Waliokuja mchana walilala hospitalini usiku mchache zaidi, na walirudi tena pale walipohitaji. Utaratibu huo unaweza kufanyika katika kituo cha afya chenye chumba cha mapumziko, muuguzi mmoja na dawa zilizotajwa. Haumfai mgonjwa mwenye chumvi zilizovurugika, wala anayeishi mwendo mrefu wa bodaboda kwenye barabara ya mashimo, ambaye mtikisiko wa safari yenyewe humrudisha kwenye kutapika. Huyo apewe kitanda.

Nyumbani, jambo ambalo halipati nafasi katika maelezo ya kuruhusiwa ni dawa nyingine anazomeza. Vidonge vya madini ya chuma huzidisha kichefuchefu kwa wengi. Vinaweza kusitishwa kwa muda, asidi ya foliki ikaendelea peke yake, kisha chuma kikarudishwa tumbo likitulia. Dozi ya SP ya kukinga malaria huanza kutolewa kuanzia wiki ya 13, wakati ambao baadhi yao bado wanatapika. Anayeitapika ndani ya nusu saa apewe tena, na ni busara kutanguliza dawa ya kichefuchefu. Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au za kifafa, kutapika dozi ni dharura ya aina yake, na anapaswa kuulizwa waziwazi ni ngapi zimebaki tumboni wiki hii. Mwislamu aliyeugua hivi Ramadhani ikimkuta ana ruhusa ya kutofunga, na wengi hufarijika kuisikia ruhusa hiyo ikitajwa wodini.

Lipo swali gumu zaidi la kumuuliza. Katika uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2022, uliojibiwa kwa hiari na zaidi ya wanawake 5,000 waliougua, nusu walisema waliwahi kufikiria kuitoa mimba waliyoitaka, takriban 5 katika kila 100 waliitoa, na robo walipata mawazo ya kujiua mara moja moja. Waliojibu pengine ni walioumia zaidi, hivyo tarakimu hizo haziwezi kubebwa moja kwa moja kwenye nchi nyingine. Lakini nchini Tanzania, ambako sheria hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, mwanamke mwenye mawazo hayo hana sababu ya kuyasema asipoulizwa, na akiamua kutenda atakwenda kwa mtu asiye na ujuzi. Kumuuliza faraghani, mume na mkwe wakiwa nje, kama amewahi kuona heri asingekuwepo, huchukua muda mfupi kuliko kutafuta mshipa wa dripu.

Wengi hupata nafuu kufikia wiki ya 20, ingawa kwa wachache kutapika huendelea hadi siku ya kujifungua, na ukuaji wa mtoto wa mama ambaye uzito wake haukuongezeka unahitaji kufuatiliwa. Nafasi ya ugonjwa kujirudia katika mimba inayofuata ni kubwa. Kwa hiyo karatasi ya kuruhusiwa ibaki na mama pamoja na kadi ya kliniki, ikiwa na uzito aliokuja nao na aliotoka nao, alama za PUQE za siku hizo mbili, dawa iliyomsaidia na iliyomshinda, na maelekezo kwamba safari nyingine asisubiri mwezi wa nne: aje mara tu anapoona siku zake zimepita, na aanze dawa kichefuchefu kinapoanza.